Angalia Miguu Yao

Nilijua kuchupa kabla sijajua kwamba kuchupa ni mchezo wenye majaji, namba na medali. Nilikuwa na miaka minane. Kila maji yakijaa jioni tulishuka Forodhani, Unguja, mbele ya Ngome Kongwe, tukavua mashati na kuyafunga fundo moja yasipeperushwe na upepo. Wakubwa walikuwa wakipiga makachu kutoka ukutani. Mtu anarudi nyuma, anakimbia, mguu wa mwisho unagonga ukingo wa jiwe, halafu anajikunja hewani na kuingia baharini kwa miguu. Sisi wadogo tulikaa kando kungoja zamu, na zamu haikuja mpaka mkubwa mmoja aseme. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini ukiivunja ulitolewa majini kwa sikio.

Walikuwa na haki. Bahari si bwawa. Palepale ambapo maji ya bamvua yanamfunika mtu mzima na kuzidi, baada ya saa chache unaona mchanga na mawe. Kaka mmoja, mvuvi, kabla ya kumruhusu yeyote alikuwa anautazama ukuta: utandu wa kijani umefunikwa mpaka wapi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake cha kina. Sikumsikia hata siku moja akimwambia mtoto "usiogope". Alisema tu, "Leo maji yapo," au, "Leo hayapo," basi.

Siku moja maji yalikuwepo, nikaruhusiwa, nikaanguka kifudifudi. Tumbo liliwaka kama limepakwa pilipili, pumzi ikakatika. Kaka yule alinivuta, akanikalisha juu ya ukuta, akanitupia shati lake mabegani. Nilitaka kurudi majini haraka ili wenzangu wasinicheke. Akanikataza.

"Leo huchupi tena. Kaa hapa uangalie miguu yao."

Nikamuuliza mpaka lini.

"Mpaka maji yapwe."

Nilikaa zaidi ya saa nzima nikiangalia miguu ya watu. Kisha kikao kile nikakisahau kabisa, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 1997 mama alinichukua tukamfuata baba Uingereza, katika mji mmoja wa kaskazini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, sina lugha, na baridi ilinifanya niwe mtoto wa kukaa karibu na ukuta. Skuli ilitupeleka kuogelea. Nyuma ya bwawa la kawaida palikuwa na bwawa jingine, dogo lakini refu kwenda chini, na juu yake mnara wa zege wenye majukwaa ya mita 3, 5, 7.5 na 10. Nilipoliona lile la juu nilihisi kama nimekutana na mtu wa nyumbani. Wiki ile ile baba akaniandikisha kwenye klabu.

Kocha aliniona nikichupa mara moja, akamwambia baba kwamba nina miguu mizuri na sina mikono. Ilikuwa kweli. Makachu huishia kwa miguu. Mbizi ya mashindano huishia kwa mikono, na karibu mwaka mzima wa kwanza nilikuwa najifunza kuingia tu, kwanza kutoka ukingoni mwa bwawa, kisha mita 1, kisha 3.

Watu wengi wanadhani mchupaji anaingia majini kwa ncha za vidole, kama mkuki. Sivyo. Unaushika mkono mmoja kwa mwingine, unavikunja viganja mpaka vikabiliane na maji, bapa, kama mtu anayesukuma dari. Viwiko vimefungwa, mabega yamepanda mpaka yanabana masikio. Viganja ndivyo vinavyopasua tundu, na mwili wote unapita kwenye tundu hilo hilo. Kichwa kikishazama unaifungua mikono pembeni kwa nguvu, na yale maji yaliyotaka kuruka juu yanakufuata chini. Ukifanya sawasawa unasikia sauti ya kitambaa kinachochanwa, na juu yanabaki mapovu tu. Sauti ile ni tamu sana. Nimeisikia mara nyingi maishani na sijaizoea.

Ina bei yake. Kutoka mita 10 safari yote ni kama sekunde moja na nusu, na mwili unafika majini kwa kasi ya kilomita 50 hivi kwa saa. Viganja na vifundo vya mikono ndivyo vinavyopokea kwanza. Vyangu havijapona mpaka leo. Asubuhi za baridi mke wangu ndiye anayenifungulia chupa ya maziwa.

Nilipofika miaka kumi na minne nilikuwa nachupa kutoka juu kabisa, na nilipofika kumi na sita nilikuwa nasafiri kila mara kwenda mashindanoni. Nilipenda zaidi Ponds Forge, Sheffield, bwawa lililojengwa kwa ajili ya michezo ya dunia ya wanafunzi wa vyuo vikuu ya mwaka 1991. Pale kuna mwangwi ambao mtu akiingia vizuri ukumbi mzima unajua bila kutazama. Sikuwahi kufika Olimpiki. Nilifika fainali za taifa za vijana, nikapata medali mbili za shaba, na mama amezitundika sebuleni karibu na picha ya Kaaba.

Sasa nieleze jambo lililonitoa.

Mbizi zetu huitwa kwa namba. Tarakimu ya kwanza ni kundi la mbizi, ya tatu ni idadi ya nusu za samasoti (samasoti ni kupinduka hewani mzunguko mmoja), na herufi ni umbo la mwili. Yangu ilikuwa 307C: kundi la tatu, samasoti tatu na nusu, mwili umejikunja magoti kifuani. Kundi la tatu ndilo linalotisha kuliko yote. Unasimama ukilitazama bwawa, unachupa kwenda mbele, lakini mwili unazunguka kurudi nyuma, na kichwa kinapita upande ule ule jukwaa lilipo. Mwaka 1983 mjini Edmonton, Kanada, Sergei Chalibashvili wa Umoja wa Kisovieti aligonga kichwa jukwaani akiifanya mbizi hiyo hiyo, akafariki baada ya siku chache. Greg Louganis wa Marekani alikuwa kwenye mashindano yale. Miaka mitano baadaye, Seoul, Louganis aliifanya 307C iwe mbizi yake ya mwisho ya Olimpiki, akamshinda Xiong Ni wa China, mtoto wa miaka 14, kwa pointi 1.14. Sote tulizijua hadithi hizo mbili. Makocha walitusimulia ile ya pili.

Ilikuwa mwaka 2003, nina miaka kumi na saba, mazoezi ya Jumamosi asubuhi. Nimekausha miguu kwa kitambaa changu kidogo, nimekitupa chini, nimesogea ukingoni. Nakumbuka ubaridi wa zege chini ya nyayo. Katika ile nukta ya kusukuma nililiwazia jukwaa, nikajirusha mbele kupita kiasi ili niwe mbali nalo. Nguvu iliyotakiwa kunizungusha ikaishia kunipeleka mbele. Nilizunguka polepole, nikaujua upungufu nikiwa bado hewani, nikafunguka mapema kwa hofu, nikapiga maji kwa mgongo mzima.

Kelele yake waliisikia watu waliokuwa mapokezi. Walinitoa majini, nikakohoa kwenye taulo, na taulo likawa na alama ya damu. Kocha alipiga magoti mbele yangu, akaniuliza jina langu na siku ya leo, nikajibu. Kisha akasema maneno ambayo kila mchupaji duniani ameshayasikia: panda sasa hivi, kwa sababu usipopanda sasa hutapanda tena.

Nikapanda. Na nieleze ukweli wote: niliifanya, na niliifanya vizuri. Wenzangu walipiga makofi. Nilikwenda nyumbani nikiamini kwamba nimeshinda jambo kubwa.

Wiki tatu baadaye mbizi ile ilipotea. Nasema ilipotea kwa sababu sina neno jingine. Nilisimama ukingoni, nikainua mikono, nikahesabu, na mwili haukwenda. Nikashuka, nikapanda tena, haukwenda. Siku nilipoulazimisha nilijikuta hewani sijui juu ni wapi na chini ni wapi, kama mtu aliyeamshwa usiku wa giza katika chumba cha watu. Halafu woga ule ukaanza kula na mbizi nyingine, moja baada ya moja, hata zile nilizozijua tangu nina miaka kumi na miwili. Nilihangaika nao miaka mitano. Mwaka 2008 nikaacha kushindana.

Nilidhani ni mimi peke yangu, na aibu ilinifunga mdomo. Laiti ningejua wakati ule kwamba hata walio bora yanawapata. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, katika fainali ya mita 10, Tom Daley wa Uingereza alivurugwa na miale ya kamera za watazamaji katika mbizi yake ya kwanza. Waamuzi wakamruhusu kuirudia, na akaondoka na shaba. Lakini baadaye alieleza hadharani kwamba mbizi ile ilimgeukia kuwa hofu, mpaka ikabidi aiache na kujifunza nyingine mahali pake. Mwaka 2017 akawa bingwa wa dunia wa mita 10, na mwaka 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, mbizi za wawili, pamoja na Matty Lee. Kuiacha mbizi hakukumfanya awe mdogo. Nawasimulia wanafunzi wangu habari hiyo mara nyingi, na huwa natulia kwenye neno "aiache".

Ukocha niliuanza mwaka 2010, kwa kusaidia watoto wadogo siku za Jumapili. Nilijua mikono, nilijua miguu, nilijua kuelekeza kwa sauti. Mtoto akiwa hewani anajizungusha hajui wakati wa kufunguka, kwa hiyo kocha anaangalia kutoka chini na kumpigia ukelele. Wenzangu hutumia maneno ya Kiingereza. Mimi husema "Toka!", kwa sababu ndilo lililonijia siku ya kwanza na herufi yake ya mwanzo inakata kelele za bwawa. Sasa wapo Waingereza wadogo wanaofunguka hewani kwa Kiswahili.

Kuhusu hofu, nilikuwa sijajifunza kitu. Mwaka 2012 kijana mmoja wa miaka kumi na minne, mwenye kipaji kuliko nilivyokuwa mimi, alianguka kwa mgongo kutoka mita 7.5. Nilipiga magoti mbele yake. Nilimuuliza jina lake na siku ya leo. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema maneno yale yale, neno kwa neno, na kwa sauti ile ile. Akapanda, akachupa, nikampongeza. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameacha. Mama yake alinirudishia fulana ya klabu ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, akanishukuru kwa kila kitu. Shukrani ile iliniuma kuliko lawama yoyote ambayo angeweza kunipa, na bado inaniuma.

Mwaka 2016 nilikwenda nyumbani Unguja kwa mapumziko. Jioni ya pili nilishuka Forodhani, maji yamejaa, vijana wanapiga makachu, wageni wanawapiga picha. Kijana mmoja aliingia kwa ubavu, vibaya. Mwenzake akajitosa, akamshika kwapa, akampandisha, akamkalisha juu ya ukuta, na yeye akaendelea na zamu yake kama kwamba hakuna kilichotokea. Yule aliyeanguka alikaa pale miguu ikining'inia, akiangalia. Nilisimama na urojo wangu mkononi mpaka ukapoa. Yote yalinirudia: shati la mvuvi mabegani, pilipili ya tumboni, na yale maneno.

(Niliwakuta vijana wale baadaye na kuwaeleza kazi yangu. Swali lao la kwanza lilikuwa kama Mwafrika amewahi kushinda kitu katika mchezo huo. Niliwaambia habari za Farid Simaika wa Misri, aliyepata fedha ya jukwaa na shaba ya ubao, ule unaonesa, kwenye Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, na kwamba kwenye jukwaa alitangazwa kwanza kuwa mshindi, halafu uamuzi ukageuzwa. Na Evan Stewart wa Zimbabwe, bingwa wa dunia wa ubao wa mita 1, Roma, mwaka 1994. Wakayarudia majina yale kwa sauti, wakacheka kwa furaha, wakarudi majini.)

Kwa nini miguu? Yule kaka hakusoma fizikia, lakini alichosema ni sahihi kabisa. Mwili ukishaachana na jukwaa hauna tena pa kusukuma. Nguvu ya kuzunguka uliyoondoka nayo ndiyo hiyo hiyo mpaka majini. Unaweza kuharakisha mzunguko kwa kujikunja, unaweza kuupunguza kwa kujinyoosha, lakini nguvu yenyewe huwezi kuiongeza hata chembe. Kila kosa la hewani, ukilifuata nyuma, unalikuta miguuni: kisigino kilichoinuka mapema, goti lililosukuma kabla ya mikono kufika, vidole vilivyokimbia ukingo. Na hofu nayo inaonekana hapo hapo kabla haijaonekana usoni. Mtoto mwenye hofu huanza kukunja vidole vya miguu.

Siku hizi nikiwaonyesha wanafunzi video ya Quan Hongchan wa China, Tokyo 2021, ambaye akiwa na miaka 14 alichukua dhahabu kwa pointi 466.20, na mbizi zake mbili majaji wote saba walizipa 10, wao hutaka kuona anavyoingia bila kurusha maji. Mimi nasimamisha picha kabla hajaondoka jukwaani. Nawaambia watazame nyayo. Tunakaa hapo hata dakika tano.

Na chini ya mnara nimeweka benchi. Niliomba ruhusa ya wenye bwawa, nikalinunua mwenyewe, la mbao. Mtoto akianguka vibaya, baada ya kukaguliwa, anakwenda kwenye benchi na joho lake la taulo, na siku hiyo hachupi tena. Hata akilia kwamba anataka kurudi. Hata kama mzazi wake amesimama ng'ambo akinionyesha saa. Siku inayofuata anaanza chini, ukingoni, kama mgeni, na anapanda jukwaa moja moja kwa kadiri atakavyoomba yeye. Tuna trampolini yenye mkanda wa kuning'inia, tuna shimo la sponji, tuna mashine inayopuliza mapovu chini ya bwawa ili maji yawe laini. Vyote hivyo tunavitumia kabla ya kumrudisha mtu juu.

Jambo jingine ni ngazi. Bwawa nililokulia, kushuka kwa ngazi kulikuwa aibu. Mtu akishuka, kimya kilitanda. Kwetu sasa kushuka ni mbizi mojawapo. Mtoto akipanda mita 10, akatazama, akashuka, tunaandika kwenye daftari lake kama tunavyoandika mbizi nyingine. Yupo msichana aliyeshuka mara kumi na moja. Nilimhesabia kila mara na sikumwambia neno. Mara ya kumi na mbili alikuja akaniambia kwamba hataki mita 10, anataka ubao wa mita 3. Makocha wenzangu walisikitika, maana alikuwa na umbo la jukwaani. Mimi nilimpeleka kwenye ubao. Mwaka jana aliingia fainali za vijana za ubao, na katika orodha yake kulikuwa na mbizi ya kundi la tatu. Nilimwangalia akisogea ukingoni na vidole vyake vimelala, havikukunjwa.

Wapo makocha wanaoniambia nawalea watoto kama mayai. Nawaheshimu, baadhi yao wametoa mabingwa. Lakini ninawajua wachupaji ambao kupanda palepale kuliwapa mbizi moja ya mchana ule na kuwanyang'anya mchezo mzima, na wa kwanza kati yao ni mimi.

Jumanne iliyopita mtoto wa miaka kumi, amejiunga na kundi langu mwaka huu, aliteleza akitoka mita 5 na kupiga maji kwa tumbo. Nilimtoa. Tulikagua, yuko salama. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamfunika joho, nikakaa naye. Alikuwa anatetemeka, na macho yake yanakimbia kwa wenzake kuona nani anacheka. Akaniuliza kama anaweza kurudi juu sasa hivi. Nikamwambia leo hapana. Akaniuliza sasa afanye nini.

Juu ya mnara dada mmoja wa miaka kumi na sita alikuwa amesogea ukingoni mwa mita 10, amegeuzia bwawa mgongo, visigino vinaning'inia hewani, amesimama kwa vidole tu. Nikamwonyesha. Mtoto akainua kichwa, akaacha kutetemeka, akaangalia.